Tulitulia Mpaka Tulipotulizwa

Kibondo tulikuwa tumetulia. Naomba hilo lieleweke kabla sijafika mbali, maana baadaye watu wa ofisini walituandikia tangazo kana kwamba wananchi tulikuwa na taharuki, na mimi mtu akinisingizia kitu ambacho sijakila wala kukionja, damu inanichemka.

Lile bomu lililipuka Dar es Salaam siku ya Ijumaa, Agosti ya mwaka tisini na nane, kule ubalozini, asubuhi watu wakiwa makazini. Na Nairobi vivyo hivyo. Wakati huo nilikuwa na mgahawa mdogo jirani na ofisi za wilaya, nauza chai, chapati na maharage, na mchana supu kama kuna aliyechinja. Redio yangu ya betri ilikaa juu ya kabati la vikombe. Habari ilipotangazwa, wateja waliweka vikombe chini, mmoja akavua kofia. Waliokufa walikuwa walinzi, madereva, wapita njia, watu waliotoka nyumbani kwao asubuhi kama mimi nilivyotoka kwangu. Tuliwahuzunikia, na wala hatukuhitaji mtu wa kutuelekeza namna ya kuwahuzunikia.

Lakini tuseme ukweli, kutoka kwetu kwenda Dar es Salaam enzi hizo ilikuwa ni lori, treni na rehema za Mungu. Hakuna aliyefikiri kwamba aliyelipua kule atakuja kulipua soko la kijiji cha Mabamba, huku mpakani na Burundi. Alipue nini, mihogo? Redio ikasema serikali inalifuatilia jambo hilo kwa karibu. Mzee mmoja mnunuzi wa maharage akauliza kwa karibu kiasi gani, kwa sababu barabara ya kijijini kwake nayo inafuatiliwa kwa karibu tangu tupate uhuru. Watu wakacheka, wakalipa, wakaondoka zao. Jumapili makanisani waliombewa marehemu, na Waislamu wale wenye maduka pale mjini walikuwa wameshawaombea wa kwao na wa wenzao. Mambo yangeishia hapo.

Jumatatu ikaingia simu ya upepo kutoka mkoani: tulizeni wananchi.

Mimi nayajua haya kwa sababu kikao cha kututuliza kilifanyika mgahawani kwangu, meza ya pembeni, ile yenye mguu mbovu. Ofisini chai ilikuwa imekwisha. Walikuwa wawili. Mmoja Afisa Habari wa wilaya, kijana mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, zote haziandiki. Mwingine ni bwana mmoja ambaye mji mzima ulimjua kuwa ni mtu wa usalama, kwa sababu alijitambulisha kwamba anauza magodoro na hakuna aliyewahi kuona godoro lake hata moja. Tulimwita Bwana Magodoro, naye aliitika vizuri tu.

Shida yao ilikuwa moja. Wameambiwa watulize watu, hawakuambiwa watu wanahofia nini. Kwa hiyo waliamua kuweka kila kitu. Waliandika kwamba hali ni shwari. Waliandika kwamba mtu asiokote mfuko au begi lililoachwa bila mwenyewe, na atoe taarifa akiona sura ngeni. Nikawauliza, huku nawaongezea chai, kama wamewahi kwenda Mabamba siku ya soko, maana pale nusu ya sura ni ngeni na mabegi yote yameachwa bila mwenyewe, mwenyewe yuko kwenye pombe ya ndizi. Mwishoni wakaongeza habari ya kuchemsha maji ya kunywa, ilikuwa kwenye tangazo la kipindupindu la mwaka uliopita, wakaona si vibaya ikibaki.

Nikasema tena, kwa sababu mdomo wangu hauna pazia: kwani nani hapa amewaambia ana hofu?

Afisa Habari akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Shemeji, mawasiliano ya serikali na umma ni taaluma."

Aliniita shemeji kwa sababu mume wangu alikuwa msaidizi wake. Usaidizi wenyewe ulikuwa kubeba betri, kufunga spika mbili juu ya Land Rover ya wilaya, kukaa kiti cha nyuma na kusema. Bosi aliandika, mume wangu akasema. Chanjo, kodi, kahawa, kichaa cha mbwa, ugeni wa waziri, yote yalipita kooni mwake. Na hapo nimsifu mume wangu hata kama hasikii: alikuwa na sauti. Kwaya ya parokia aliimba sauti ya tatu, na wanawake wa safu ya mbele walijua kwa nini wamekaa safu ya mbele. Akitangaza kifo cha ng'ombe, unatamani ng'ombe awe wako.

Tena alikuwa na Kirundi, nacho ndicho kilichompa kazi. Kiha na Kirundi ni ndugu, husikilizana, lakini huku mpakani wako wazee ambao Kiswahili kwao ni cha sokoni na ofisini tu, neno likitaka kuingia moyoni lazima lije kwa lugha ya nyumbani. Mume wangu alikipata kwa mama yake. Mama mkwe wangu alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, mume wangu akiwa mgongoni, akaomba kipande cha ardhi Mabamba, akapewa, akalima, akajenga, akazeekea hapo. Baba mkwe alibaki. Ndivyo tulivyoambiwa siku zote, alibaki, na lile neno lilivyotamkwa hapakuwa na mtu wa kuuliza alibaki wapi.

Na mimi na mama mkwe tulikuwa hatuivi chungu kimoja. Sijifichi. Mimi ni mtoto wa Kasulu mjini, nimekulia uani kwenye duka, napika kwa haraka kwa sababu wateja hawasubiri. Yeye alisema napika maharage kama mtu anayekimbizwa. Mimi nikasema yeye anayapika kama mtu anayesubiri Yesu arudi. Aliniambia sufuria zangu zinanuka sabuni. Nilimwambia mawese yake yana umri mkubwa kuliko mimi. Hatukuwahi kutukanana kwa siri, tulitukanana mbele ya watu, tukila sahani moja, na mume wangu kati yetu akitafuna akiangalia ukuta.

Basi jioni ile ya Jumatatu mume wangu alikuja nyumbani na karatasi ya tangazo, akakaa kwenye kigoda kulitia Kirundi. Nilimwona anavyohangaika. Hakutaka maneno ya haraka haraka, alitaka Kirundi safi, kile cha adabu, cha kumwambia mtu mzima. Tangazo, ukiacha yale ya mabegi na maji, lilisema: ndugu wananchi, hali ni shwari, msiwe na hofu, kaeni majumbani kwenu kwa utulivu, serikali yenu iko pamoja nanyi, na yeyote aliyejificha kwa woga atoke, hakuna baya litakalompata. Hilo la kujificha nalo lilitoka kichwani kwa Bwana Magodoro, alisema linatia moyo. Mume wangu aliyageuza maneno yale taratibu, akayasema mara kadhaa kwa ile sauti yake ya Jumapili, na mimi nikiwa nasuka ukili pale nikahisi mwili unatulia, nikamwambia mume wangu, leo umeweza.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko Mabamba. Yaliyotokea huko alinisimulia yeye mwenyewe jioni, na wengine walinisimulia baadaye, na wote wanakubaliana.

Gari liliingia sokoni saa ambayo soko limejaa. Walianza kwa Kiswahili. Watu wakasikiliza kama wanavyosikiliza siku zote, yaani huku wakipima dagaa. Bomu la Dar walikuwa wamelisikia, wamelizungumza, wamelimaliza. Kisha mume wangu akashika kipaza sauti akaanza Kirundi. Ntimugire ubwoba, akasema, msiogope. Mugume mu nzu zanyu, kaeni nyumbani kwenu.

Anasema aliona kwanza wanawake wazee. Hawakupiga kelele. Waliinama, wakafunga khanga zilizokuwa na bidhaa, wakajitwisha, wakaondoka, kila mmoja kwa njia yake, bila kuagana. Mmoja aliacha kuku aliokuwa anawauza, amewafunga miguu. Halafu wanaume wazee. Halafu watu wazima waliokuja wakiwa watoto. Wenyeji Waha wakaulizana kuna nini, lakini huku kwetu jirani yako akikimbia huombi maelezo, unakimbia naye, maelezo mtapeana mkifika. Sokoni wakabaki mbuzi, machinga wawili wa kutoka Kigoma, na serikali.

Afisa Habari kuona hivyo akafikiri hawakusikia. Akamwambia mume wangu arudie, kwa sauti ya juu zaidi, aongeze kwamba asikimbie mtu. Gari likawafuata njiani likirudia. Waliokuwa wanatembea wakaanza kukimbia, na waliokuwa majumbani, ambao hata sokoni hawakwenda, wakatoka wakakimbia nao.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, tunasema, na tunalisema kama vile mshtukaji ndiye mjinga. Wale wazee walikuwa wameshaisikia hiyo hotuba. Waliisikia upande wa pili wa mpaka, kwa lugha ile ile, kutoka kwenye gari lenye spika, mwaka ule wa mauaji, sabini na mbili. Kaeni nyumbani, msiogope, hali ni shwari. Waliokaa nyumbani walikutwa nyumbani. Waliokimbia ndio hawa walionunua dagaa Mabamba. Kwa hiyo serikali yetu, katika hekima yake na kwa chai yangu, iliokota maneno pekee duniani yaliyoweza kuwatoa watu wale mbio, ikayatafutia sauti nzuri kuliko zote wilayani.

Taarifa iliyokwenda mkoani niliiona kwa macho yangu, iliandikwa kwenye meza ile ile. Ilisema wananchi wameupokea ujumbe na kuufanyia kazi mara moja.

Mume wangu hakula jioni ile. Alikuwa amepita kwa mama yake kabla hawajarudi. Akakuta mlango wazi, moto umemwagiwa maji, maharage yameanikwa uani kwenye mkeka, mama hayupo. Majirani hawapo. Wote walikuwa wameingia bondeni, kule kwenye matete na mafunjo kuelekea Nyabibuye, ambayo siku hizo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kibondo.

Lakini hilo silo lililomnyima chakula. Lililomnyima ni Bwana Magodoro. Huyu alikuwa amefikia hitimisho lake, nalo lilikuwa jepesi: raia hakimbii serikali yake. Anayekimbia ana lake jambo. Akaomba askari waje kulisaka bonde Alhamisi asubuhi, pamoja na malori.

Malori tuliyajua. Mwaka uliotangulia Warundi waliokutwa nje ya makambi walizolewa na kupelekwa kambini, na katika kuzoa huko walizolewa wengi waliokaa kwetu miaka na miaka, wenye mashamba na wajukuu. Mama mkwe alipona kwa sababu mwenyekiti wa kijiji alisimama mlangoni kwake akasema huyu ni wa hapa, mmemkuta kwake, anapalilia. Hakuwa na karatasi yoyote ya maana. Ushahidi wake ulikuwa huo tu, kukutwa nyumbani kwake na jembe mkononi. Sasa angekutwa kwenye matete, na mzigo kichwani, akiongea Kirundi, wiki ambayo kila mwenye bunduki nchini anatafuta sura ngeni. Angepandishwa lori akiwa mkimbizi mpya, na kumtoa kambini mtu wa umri ule, nani angesikiliza? Shamba lingegawiwa kabla hajamaliza kuuliza choo kiko wapi.

Nilimwuliza mume wangu kama amemweleza Afisa Habari kuwa mle bondeni yumo mama yake. Akasema amemweleza. Bosi amesikitika sana, amempa gari kutwa nzima ya Jumatano, na amempa tangazo la nyongeza. Nikamwambia lete nilione hilo tangazo. Lilikuwa linasema hali bado ni shwari.

Niliwasha jiko nalo.

Jumatano tulitoka alfajiri, yeye, mimi na dereva. Mgahawa niliufunga, jambo ambalo sikufanya hata nilipojifungua. Agosti huku kwetu ni vumbi, nyasi zimechomwa, vilima vyote vyeusi, ukiangalia toka juu unaona kijani mahali pamoja tu, chini bondeni kwenye maji. Hata kipofu angejua watu wamejificha wapi. Nilimwangalia mume wangu, alikuwa amevaa shati lake la kwaya. Sijui kwa nini nilipata hasira na lile shati.

Gari likasimama ukingoni. Akapanda juu ya bodi, akashika kipaza sauti. Hakusoma tangazo lolote. Alimwita mama yake. Alimwita kwa jina la nyumbani, kwa Kirundi, kwa upole ambao hata mimi mkewe sijawahi kuupata. Alimwambia ni mimi, mwanao, niko peke yangu, toka mama, hakuna atakayekugusa, tutakwenda nyumbani pamoja. Sauti ikateremka bondeni ikagonga kilima cha pili ikarudi.

Matete yakatikisika. Nilifurahi, nikadhani anakuja. Halafu nikaona yanatikisika yakielekea mbali. Kila alipoita, mtikisiko ulisogea ndani zaidi, huku na huku, watu wengi, kimya kimya. Akaita tena, sauti imeanza kukatika. Yakasogea tena. Mume wangu akashusha kipaza sauti, akakaa pale pale juu ya bodi na spika zake mbili, akalia waziwazi kama mtoto aliyeachwa sokoni. Dereva akajifanya anakagua tairi.

Mimi hasira zilinipanda zote kwa mpigo. Nilimkasirikia Afisa Habari na kalamu zake, na Bwana Magodoro, na yule aliyetega bomu Dar es Salaam akaua watu asiowajua, hata hajui kwamba huku kuna bibi kizee amelala matopeni kwa ajili yake. Na nilimkasirikia mama mkwe. Huyo hasa. Nilivua viatu, nikateremka bondeni, nikaanza kumfokea.

Sikupanga. Watu husema nilitumia akili, sikutumia akili yoyote. Nilitumia mdomo nilionao. Nikafoka kwa Kiswahili changu cha Kasulu kwamba mama, maharage yako yako nje kwenye mkeka tangu jana, mbuzi wa jirani wanayala kwa zamu, na wewe umejilaza huku kwenye matete kama bibi harusi. Nikamwambia mimi nimefunga biashara yangu, wateja wangu leo wanakula kwa mshindani, na unga nimeuacha umeumuka. Nikamwambia mlango ameuacha wazi, kuku wanalala kitandani. Nikamwambia kama alitaka kuogea maji ya bondeni angesema, nimletee na sabuni, si anapenda kunisema na sabuni. Nilikuwa nimezama mpaka magotini, matete yananikata mikono, nafoka huku nachomoa mguu mmoja mmoja kutoka kwenye tope.

Matete yalikuwa yameacha kusogea. Nikanyamaza kuvuta pumzi.

Sauti ikatoka si mbali na nilipokuwa. "Mbuzi wa nani?"

Nikamtajia wa nani.

Halafu: "Na wewe umepita hapo, umeona mbuzi wanakula, ukashindwa kuyaanua? Mikono umeikalia?"

Alitoka akiwa na mzigo wake kichwani, matope mpaka kiunoni, na uso wa mtu aliyekuja kugombana. Hakuniangalia vizuri. Alinipita akielekea juu, akiongea njia nzima kuhusu wanawake wa Kasulu na watoto wa kiume wanaowaoa bila kuuliza. Nyuma yake akatoka mama mwingine. Halafu mzee na fimbo. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wanapanda kilima nyuma yetu, na mimi na mama mkwe tukitupiana maneno mbele yao, wala sikuthubutu kuacha, kwa sababu nilishaona kwamba nikiwa mpole tu wanarudi. Nimeongea Kibondo miaka mingi, lakini siku ile niliongea mpaka mate yakaisha.

Tulipofika kwenye gari mume wangu aliteremka. Mama yake alimtazama, akatazama zile spika, akazunguka gari kwa mbali kama mtu anayekwepa ng'ombe mkali, akaendelea na njia. Hakukubali kupanda. Kijiji kizima kilitembea kwa miguu, gari likifuata nyuma taratibu, tupu.

Alhamisi askari walisaka bonde wakakuta maji. Walipopita kijijini walimkuta bibi mmoja uani kwake, anapepeta maharage yaliyosalia, akawauliza kama wanawajua wenye mbuzi. Wakaandika kwamba hali ni shwari. Afisa Habari alisifiwa, akatakiwa apeleke mbinu hiyo hiyo wilaya ya jirani, na kijijini Kitanga, huko kwetu Kasulu, wakalisoma tangazo lote kwa Kiswahili cha ofisini, maana mume wangu alikataa kwenda. Hakuna aliyelielewa, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Lakini nirudi kwenye ile Jumatano. Mchana ule mama mkwe aliosha miguu, akawasha moto, akapika, taratibu kama kawaida yake. Mimi nikanyamaza, nilikuwa nimechoka. Tulikula watatu uani. Mume wangu alikuwa na ugali mkononi muda mrefu haupeleki mdomoni. Mwisho akamwuliza.

"Mama, nilikuita mimi mwenyewe. Kwa jina lako. Sauti yangu huijui?"

"Niliijua," akasema.

"Mbona hukutoka?"

Alitafuna akameza kwanza. Kisha akatusimulia, kwa maneno machache, akiangalia sahani. Baada ya gari la spika kupita kule kwao, yeye na baba mkwe walijificha bondeni, kwenye mafunjo kama haya, na mtoto mgongoni amefungwa mdomo kwa khanga. Walikaa humo. Siku moja akaja mtu ukingoni, mtu wao, mwalimu wa nyimbo kanisani, mwenye sauti nzuri kuliko wote kwenye kilima chao. Alimwita baba mkwe kwa jina la nyumbani. Alimwambia atoke, ameshaongea na wakubwa, hakuna atakayemgusa, watakwenda nyumbani pamoja. Huenda na yeye alikuwa ameshikiwa kitu mgongoni, mama mkwe alisema, hajui, hakuona. Yeye alimshika mumewe mkono. Mumewe akamwambia, huyu si mtu baki, hebu sikia anavyoniita.

"Akatoka," mama akasema. "Aliitwa vizuri sana baba yako. Mimi sikuwahi kumwita vizuri hivyo."

Akachukua sahani yangu ambayo sikuwa nimemaliza, akaenda kuosha.

Mume wangu aliendelea na kazi ya wilaya kwa sababu tulihitaji kula, lakini alihamia stoo, akawa anahesabu majembe. Kwaya hakuiacha. Ila Mabamba alikwenda tofauti tangu siku hiyo. Akifika kwenye uzio wa mama yake hakupiga hodi wala hakusalimu. Alisimama pale nje akaanza kugomba: nani ameacha jembe kwenye umande, huu uchafu wa nani, kwa nini mgomba haujakatwa majani. Hakujua kugomba, maskini, ilimtoka vibaya, kama mtu anayesoma. Alitafuta kosa uwanja mzima na mama yake alikuwa msafi. Mama akisikia, anajibu kutoka ndani kwamba mwenye nyumba ni nani hapa, na ndipo anapoingia, wanakaa wanakula.

Tulimzika mama pale pale Mabamba, kwenye shamba lake. Mpaka siku aliyofariki, mwanawe hakuwahi tena kumwita kwa upole.